Munyu na Volti Elfu Ishirini na Tano

"Uzi umekatika."

Maneno mawili tu. Yalimfikia Valentine Shiundu katika sikio la kushoto, saa tatu na dakika nane asubuhi, akiwa Kisumu Ndogo mbele ya meza ya dagaa wa omena.

Hakuuliza swali. Aliacha omena imeshapimwa, akaruka mtaro, akakata kona ya kanisa la mabati na kukimbia kuelekea Ayany.

"Seline! Wee Seline! Na omena yako jamani!" muuzaji alimwita.

Seline lilikuwa jina la kazi. Kwa majirani wa Ayany, Seline alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tano, mcheshi, muuza mitumba, asiyekosa mazoezi ya kwaya. Kwa watu wachache tu katika serikali nzima, alikuwa wakala wa Kitengo cha Tisa. Kwa miezi minane kazi yake ilikuwa moja. Jirani yake, Daktari Rachael Nasipwondi, asiguswe na mtu. Na asijue kwamba analindwa.

Kazi rahisi kama nini. Mpaka asubuhi hii Rachael aliposema ana hamu ya omena, na Valentine akajitolea kwenda kumnunulia.

Dakika ishirini. Alijichukia kwa kila moja.

Mlango wa karakana ya Rachael ulikuwa umeng'olewa bawaba. Ndani, meza tupu. Kiatu kimoja cha kike kilikuwa kimelala ubavu karibu na dirisha.

"Niko ndani," Valentine alisema, akigusa kifaa kidogo kilichofichwa sikioni. "Hayuko. Mashine pia haiko."

"Ni yule mlanguzi, Kessel." Sauti ya Nderitu, mkuu wake, haikuwa na pole wala pongezi tangu siku aliyomjua. "Alitua juzi. Ndege yake iko Wilson, inaruka saa nane unusu. Ina kinga ya kibalozi. Akimpandisha, hatuwezi kuigusa."

"Anamtaka hai?"

"Hai, ndiyo. Lakini kwanza anataka mita moja ya kitambaa mkononi. Bila hiyo wakubwa wake hawamwamini."

Nderitu akashusha sauti.

"Valentine. Daktari asitoke nchini. Kwa vyovyote."

"Kwa vyovyote maanake nini, mkuu?"

"Umenisikia."

Alikuwa amemsikia vizuri sana. Kama hangeweza kumtoa Rachael mikononi mwa Kessel, alitakiwa kuhakikisha Rachael hasemi tena na mtu yeyote. Huyu alikuwa mwanamke aliyekula naye ugali na mboga ya mrenda kila Jumapili kwa miezi minane.

Akafumba macho. Akayafumbua. Akaanza kazi.

Wamechukua nini? Wameacha nini?

Wamechukua mashine yenyewe, ile aliyoiunda Rachael kwa miaka sita baada ya mdogo wake kuungua katika moto wa Kisumu Ndogo. Bendeji za hospitali zilikuwa zikimganda yule binti, na kila zikibadilishwa zinatoka na ngozi. Rachael aliapa kutengeneza kitambaa kisichoganda. Alichukua mafuta ya parachichi, akayachanganya na maji, akayashikanisha kwa utelezi wa mrenda mpaka yakawa rojo jeupe. Rojo lile alilipitisha kwenye sindano yenye umeme wa volti elfu ishirini na tano. Tone huvutwa na umeme, likarefuka, likawa uzi mwembamba kuliko wa buibui, ukajisokota juu ya pipa dogo linalozunguka. Mafuta hubaki ndani ya uzi, yamefungwa kabisa. Ukiuweka juu ya kidonda, unayeyuka polepole na kukiponya.

Kitu kizuri. Ndiyo maana wabaya walikitaka.

Kessel hakuwa na haja na vidonda vya mtu. Yeye alitaka kuweka dawa za kulevya mahali pa yale mafuta. Blanketi za watoto, nyeupe, laini, zenye harufu ya sabuni. Mbwa wa uwanja wa ndege angenusa mpaka pua ichubuke na asipate kitu.

Walikuwa wamechukua pia mafuta, na magunia mawili ya mrenda uliokaushwa, na daftari la Rachael.

Wameacha jerikani moja ya lita tano, rafuni, imejaa maji ya rangi ya chai ya rangi.

Valentine aliitazama. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu saa tatu, akapumua.

Wezi walidhani ni maji machafu. Ulikuwa munyu. Munyu wa majivu, ule ambao mtu wa Bungoma hawezi kupika mrenda bila huo. Maganda ya maharagwe huchomwa, majivu hutiwa kwenye mkebe uliotobolewa, maji humwagwa juu, yakadondoka chini taratibu tone kwa tone. Bila munyu, utelezi wa mrenda haulegei sawasawa. Bila munyu, mafuta na maji hutengana. Bila munyu, hakuna uzi.

Wangeona katika daftari kwamba wanauhitaji, na Rachael alinunua munyu kwa mtu mmoja tu katika Nairobi nzima.

Valentine alibeba jerikani, akachukua mkoba wake wa kazi, akaruka juu ya pikipiki. Kwa macho ilikuwa Boxer ya boda kama zile nyingine elfu. Injini yake ilikuwa habari tofauti. Ngong Road, Naivasha Road, Kawangware. Dakika kumi na moja.

*

Mama Austin alikuwa sokoni, amekaa nyuma ya mikebe yake inayodondoka, akichambua mboga.

"Seline! Leo peke yako? Daktari ako wapi?"

"Ako na kazi. Mama Austin, kuna mtu amekuja kuulizia munyu leo?"

"Amekuja mmoja, hata nusu saa haijaisha. Derrick, ule caretaker wa nyumba za Irungu. Amenusa, amekunja uso kama mtoto anapewa dawa. Akapigia tajiri wake simu. Irungu akamwambia aache hiyo maji ya jivu, magadi ni ile ile. Akaenda kwa duka, akanunua magadi."

"Halafu akaenda wapi?"

"Mimi nitajuaje? Irungu ako na ploti kumi na moja, kutoka hapa mpaka Satellite."

Irungu. Valentine alimjua kwa faili. Mwenye ploti za kupangisha, mzaliwa wa hapa hapa, kofia ya ngozi, mchango mkubwa kila harambee. Amekula njama na Kessel kumbe.

Na amedharau munyu. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende, na Irungu alikuwa ameukanyaga kwa kisigino kizima.

Maana Valentine aliwahi kuona magadi yakifanya nini. Mwezi wa pili, Mama Austin akiwa nyumbani Bungoma, Rachael alijaribu magadi. Mafuta yalipanda juu, maji yakashuka chini, umeme ukakosa uzi wa kusokota ukaanza kuruka kutoka sindano hadi pipa kwa cheche za buluu. Trrr. Trrr. Na mzee wa nyumba ya tatu akatoka akilalamika kwamba redio yake inakwaruza, hasikii taarifa ya habari.

Redio yake inakwaruza.

"Mama Austin, niazime leso yako. Na hiyo aproni."

"Unaenda kuniuzia?"

"Naenda kukutafutia wateja."

Kwenye mkoba kulikuwa na Tecsun ndogo, redio ya kukaa kiganjani. Akaiweka masafa ya kati, mahali pasipo na stesheni, akaichomeka kisikilizi, akakivaa sikio la kulia. Redio ya namna hii ina siri yake. Ukiigeuza mpaka ncha yake ielekee kule kelele inakotoka, kelele hufifia. Simama mahali pawili, chora mistari miwili kichwani, inapokutana ndipo penyewe.

Alianzia kwa kinyozi. Kimya. Akasogea mpaka kwa muuza chapati. Kimya.

Saa tano kamili, nyuma ya kinu cha posho.

Trrr.

Moyo ulimruka. Akaigeuza Tecsun polepole. Kelele ikafifia ncha ilipoelekea magharibi, upande wa Riruta Satellite.

Trrr. Trrr. Mtu alikuwa akiizima mashine na kuiwasha tena. Valentine alivuka barabara, akapita baina ya maduka mawili ya simu, akasimama, akageuza.

Halafu kelele ikakatika.

Dakika moja. Tatu. Tano.

Wamekata tamaa? Wamempiga? Wamempiga risasi? Valentine alisimama katikati ya njia kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda. Aliogopa. Hakuna haja ya kuficha, aliogopa kama mtu yeyote.

Dakika nane.

Trrr.

"Asante Mungu," alinong'ona, akakaza mwendo.

Mistari ilikutana kwenye ploti ya mawe ya ghorofa moja, geti jeusi. Hakukuwa na kamba hata moja yenye nguo. Ploti ya Kawangware isiyo na nguo zilizoanikwa Jumamosi mchana ni ya kutiliwa shaka kuliko mtu anayekimbia.

"Mkuu, nimepata." Akamtajia mahali. "Timu iko wapi?"

"Naivasha Road. Dakika kumi na tano."

"Wasionekane. Wakionekana atauawa. Nikibonyeza mara mbili, waingie."

"Una bastola?"

Valentine aliitazama Ceska iliyokuwa kiunoni. Kwa bastola ile angeweza kumtoa Rachael. Kwa bastola ile ile angeweza kutimiza ile amri nyingine. Akarudi mpaka kwenye pikipiki, akaifungia chini ya kiti.

"Ninayo ninayohitaji," alijibu.

Akajifunga leso, akakifunga kitufe cha kuitia timu ndani ya fundo lake, akashika jerikani, akagonga geti.

*

Dirisha dogo la geti lilifunguka. Kijana mnene mwenye kitambaa kilichofungwa kidoleni.

"Niaje auntie. Hapa hatununui kitu."

"Poa. Wewe ndio Derrick? Nimetumwa na Mama Austin. Anasema ulikataa munyu ukaenda na magadi. Ameona huruma, akasema nikuletee, mtaharibu hiyo mboga yenu."

Derrick alitazama jerikani, akatazama kidole chake, akatazama nyuma.

"Hiyo kitu inapiga moto, auntie," alisema kwa sauti ya chini. "Imenichoma mbaya."

"Si nakuambia. Magadi na munyu si ndugu."

Geti likafunguka. Derrick akampapasa kiunoni na miguuni, kwa haya, kama mtu anayempapasa shangazi yake. Hakugusa fundo la leso.

Chumba kilikuwa cha nyuma, madirisha yamezibwa kwa katoni. Harufu ya nywele zilizoungua. Mashine ilikuwa mezani, na karibu na ukuta ndoo ya utelezi wa mrenda imejaa pomoni. Irungu alisimama pale na kofia yake ya ngozi, jasho likimtiririka. Kando yake Kessel, mzungu mrefu wa shati la kitani, bastola ya Glock mkononi imelegea tu, kama mtu anavyoshika simu.

Na Rachael. Mguu mmoja peku. Shavu limevimba.

Aliinua macho, akamwona jirani yake Seline, muuza mitumba, ndani ya aproni ya Mama Austin. Midomo yake ilianza kufunguka.

Valentine alimkazia macho. Usiseme. Usiseme, tafadhali.

Rachael akafunga mdomo.

"Huyu nani?" Irungu alifoka.

"Wa munyu, boss," Derrick alisema. "Ameletwa na Mama Austin."

"Nani aliitisha munyu? Mamangu amepika kunde na magadi miaka hamsini na hatujakufa!"

"Kunde ni kunde," Rachael alisema bila kumtazama. "Hii ni mrenda."

Kessel aliinua mkono. Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja, safi kuliko cha kila mtu mle ndani, na hilo lilimfanya aogopeshe zaidi.

"Tafadhali, tusigombane. Daktari, utafanikiwa kwa munyu huu?"

"Nitafanikiwa. Lakini lazima uchujwe na mwenye aliuleta. Ukichujwa na mtu mwingine unaharibika."

Ulikuwa uongo mtupu. Lakini Irungu alikuwa ameshaaibika mara moja kwa mambo ya jikoni, hakutaka mara ya pili. Akanyamaza. Ndivyo Valentine alivyopata kusimama hatua moja kutoka kwa Rachael, na sufuria mkononi.

Munyu ukachujwa. Nusu ukaingia kwenye rojo. Rachael akakoroga, na mbele ya macho yao mafuta yaliyokuwa yameelea yakarudi ndani, rojo likawa jeupe na zito kama maziwa ya mgando. Akalitia kwenye bomba la sindano. Akawasha.

Hakuna cheche. Tone likachongoka, likavutika, na utando mweupe ukaanza kulivaa pipa.

Kessel alicheka kwa furaha ya kweli. Hata Irungu alisogea kutazama.

Saa saba na robo, mita moja ilikuwa tayari. Kessel aliivua kwenye pipa kwa vidole viwili, akainusa, akaikunja mfukoni.

"Vizuri mno. Sasa tunaondoka, Daktari. Utaendelea na kazi kwetu, utapata maabara bora." Akamgeukia Irungu, kwa upole ule ule. "Mama wa munyu asitoke humu. Ameona mengi."

"Boss," Derrick alisema, "huyu ni mama tu wa—"

"Nyamaza," Irungu alimkata.

Kessel aliinua Glock. Alikuwa amesimama kando ya sindano, mkono wake umepita juu ya meza. Taa nyekundu ya mashine ilikuwa bado inawaka. Volti elfu ishirini na tano.

Valentine alibonyeza fundo la leso. Mara mbili.

"Rachael, toa mkono!"

Akamwaga sufuria yote. Munyu ukamlowesha Kessel kuanzia kiganjani mpaka begani, ukailowesha na sindano. Mwali wa buluu uliruka kwa kishindo. Haukuwa umeme wa kuua, lakini mwili haujui hilo. Vidole vya Kessel vilifunguka vyenyewe na Glock ikaanguka.

Valentine aliipiga teke chini ya meza. Kiwiko cha shingo. Goti la tumbo. Kessel akaenda chini akiwa na mshangao usoni.

Irungu akakimbilia mlango.

Rachael alishika ile ndoo ya utelezi wa mrenda kwa mikono miwili, akaipindua sakafuni.

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Irungu alipiga hatua mbili hewani, akashuka kwa mgongo, akateleza mpaka kwenye miguu ya Derrick. Derrick alikuwa ameinua mikono yote miwili juu.

"Mimi ni caretaker tu! Mimi ni caretaker tu, auntie!"

Geti likavunjwa. Buti. Sauti.

"Chini! Wote chini! Afande Valentine, uko sawa?"

"Niko sawa," Valentine alisema, akipangusa mikono kwa aproni.

*

Walimtoa Kessel kwanza. Alipokuwa akipitishwa, Valentine alichomoa ile mita ya kitambaa mfukoni mwake, akaiweka mezani. Irungu alifuata akiwa na pingu, kofia imepotea, mgongo mzima unang'aa kwa mrenda. Mlangoni alisimama.

"Lakini kwani magadi iko na shida gani?" aliuliza, na aliuliza kwa dhati.

Walimsukuma nje.

Rachael alikuwa ameketi juu ya ndoo tupu. Chumba kilipobaki na wawili, alisema:

"Yule kijana aliponiletea magadi, nilijua itakataa. Nikanyamaza. Nilijiambia wacha ikatae mpaka wachoke. Sikujua kuna mtu anasikiliza."

"Nilikuwa nasikiliza."

"Wamekuita Valentine."

"Ndiyo jina langu."

"Na Seline?"

"La kazi."

Rachael alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepanga upya vitu vya nyumba nzima. "Na zile Jumapili? Umekula kwangu miezi nane. Hiyo pia ilikuwa kazi?"

Valentine alikuwa amefundishwa kujibu maswali magumu kuliko hilo. Alikuwa amewadanganya majenerali.

"Jumapili sikuandika ripoti," alisema. "Hata moja."

"Wangenipandisha ndege, wewe uliambiwa ufanye nini?"

Rachael hakuwa mjinga. Alimtazama usoni mpaka akalisoma jibu, na macho yake yakajaa machozi.

"Na ungefanya?"

"Hapana."

"Ulijua lini?"

"Kwa geti. Bastola niliiacha kwa pikipiki."

Sauti ya Nderitu ikaingia sikioni. "Kazi safi. Mlete daktari hapa makao makuu pamoja na mashine. Kuanzia leo atafanyia kazi chini ya ulinzi wetu. Chumba kiko tayari, hakina madirisha."

Valentine alitazama katoni zilizoziba madirisha ya Irungu.

"Daktari anaenda nyumbani, mkuu. Na mashine yake."

"Valentine, hiyo ni amri."

"Nimekusikia."

Akakitoa kifaa sikioni na kukitumbukiza katika munyu uliobaki chini ya jerikani. Kilitoa povu kidogo, kikazima. Halafu akawaita vijana wawili wa timu, akawaamuru waibebe mashine mpaka Ayany, polepole, na waurudishie mlango bawaba zake. Walidhani amri imetoka juu. Hakuwasahihisha.

Rachael aliichukua ile mita ya kitambaa, akakata kipande, akaenda nje alikokuwa ameketishwa Derrick. Akamfungua kidole, akakiosha, akakifunga upya. Derrick alilia kama mtoto, si kwa maumivu.

Valentine alimtazama kidogo, kisha akaelekea getini.

"Valentine."

Aligeuka. Lilikuwa jina lake, katika kinywa cha mtu ambaye Valentine alitaka alijue.

"Jumapili hii sipiki," Rachael alisema.

"Sawa."

"Ile ingine..." Rachael alimaliza fundo la bendeji. "Ile ingine, labda."

Valentine alivaa miwani yake ya jua, akapita katikati ya wapangaji wa jirani waliojaa njiani, akapanda Boxer na kushika njia ya Satellite. Hakuwa na kazi tena, pengine, na jioni wangeanza kumtafuta. Aliendesha taratibu, akitabasamu.